Gari la oto linakula mafuta: anza na mguu na kitufe kabla hujafungua giaboksi

Wiki haipiti bila mtu kuingia gereji na maneno yaleyale: "Fundi, gari linakula mafuta, nadhani giaboksi imekwisha." Kabla sijainama chini ya gari, huwa naomba tukazunguke naye kidogo, yeye ashike usukani, mimi nikae pembeni nikitazama mguu wake na dashibodi. Mara nyingi giaboksi ni nzima. Nimeshaona watu wakinunua giaboksi ya mtumba kwa tatizo la kitufe, na inaniuma, kwa sababu pesa ile ilikuwa ada ya mtoto.

Kuna jambo moja ambalo ukilishika, nusu ya matatizo haya utayatatua mwenyewe. Gari la oto linaamua gia kwa kusoma mambo mawili makubwa: mwendo wa gari, na umekanyaga mafuta kiasi gani. Ukikanyaga sana, linadhani unataka nguvu, linang'ang'ania gia ndogo. Ukilegeza mguu, linapanda gia kubwa na injini inatulia. Anayebadilisha gia kwenye gari la oto ni mguu wako wa kulia.

Hapa chini nazungumzia zaidi Toyota ndogo zenye giaboksi ya gia nne, ndizo zimejaa barabarani kwetu: IST za mwanzo, Corolla za NZE, Spacio, Premio na Allion za kabla ya 2007. Magari ya CVT, yanayotumia mkanda na puli badala ya gia, nimeyatengea sehemu yake.

Kwanza pima

Wengi wetu tunaweka mafuta ya elfu kumi, kesho ya elfu ishirini, halafu tunatazama mshale wa geji na kusema gari linakula. Huo si upimaji. Jaza tangi mpaka bomba la pampu lijikate lenyewe, rudisha kilomita za safari kwenye sifuri, tembea angalau kilomita 200, kisha rudi pampu ileile ujaze tena mpaka lijikate. Gawanya kilomita kwa lita ulizojaza. Pima safari za mjini peke yake na za barabara kuu peke yake, maana dalili zake ni tofauti. Kagua pia upepo wa matairi yakiwa ya baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Tairi laini huongeza mzigo wa injini na halitoi dalili yoyote kwenye dashibodi.

Dalili: barabara kuu mshale wa RPM uko juu, injini inalia mfululizo

Hii ndiyo ninayoletewa zaidi. Kwenye IST ya 1500 iliyo nzima, ukiwa kilomita 80 kwa saa kwenye tambarare, mshale wa RPM, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, husimama karibu na 2,000. Ukiuona uko karibu na 3,000 kwa mwendo huohuo, gia ya nne haijaingia.

Sababu ya kwanza ni kitufe cha O/D kilicho kwenye liva ya gia. O/D ni ovadraivu, yaani gia ya nne, ambayo uwiano wake ni kama 0.7, wakati gia ya tatu ni 1. Ukiizima, kwa mwendo uleule injini inazunguka zaidi kwa asilimia zaidi ya 40. Kitufe kipo pale vidole vinaposhika liva, kwa hiyo ni rahisi kukibonyeza bila kujua. Kikishazima ovadraivu, dashibodi inawasha taa ya njano iliyoandikwa O/D OFF, na taa hiyo haipigi kelele yoyote.

Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliniletea IST yake akitokea Morogoro. Alishaambiwa na fundi mwingine kwamba giaboksi ibadilishwe. Tulitoka naye hadi kipande cha tambarare, akafika 80, nikaona mshale uko 3,000 na taa ya njano inawaka pembeni. Nikamwambia, "Mzee, bonyeza hicho kitufe kilicho chini ya kidole chako." Akabonyeza. Taa ikazimika, zikapita kama sekunde mbili, mshale ukashuka taratibu hadi juu kidogo ya 2,000, na ule mlio wa injini ukapungua kama mtu aliyefunga mlango wa chumba cha pili. Akanyamaza. Tulipogeuza gari ndipo akasema, "Miezi minne, mwanangu."

Kwa hiyo anza hapo. Taa ya O/D OFF ikiwaka, bonyeza kitufe izimike. Ovadraivu huzimwa kwa makusudi unapopanda mlima mrefu ambapo gia inarukaruka kati ya ya tatu na ya nne, au unaposhuka mteremko ukitaka injini ishike gari. Ukimaliza mlima, irudishe. Angalia pia liva isiwe kwenye 3, 2, S, B au L badala ya D. Kama gari lina kitufe cha PWR, yaani cha nguvu, kizime. Kile cha SNOW wengine hukiwasha wakiamini kinabana mafuta. Kimewekwa kwa ajili ya barafu, na kwenye magari mengi kinalilazimisha gari kuondoka kwa gia ya pili, jambo linaloichosha giaboksi bure kwenye lami kavu.

Sababu ya pili ni temostati iliyotolewa. Hapa naomba mafundi wenzangu tusikilizane. Ni mazoea yetu: gari likichemka mara moja, fundi anang'oa temostati na kuitupa, akisema nchi hii ni ya joto, haihitajiki. Inahitajika. Kwenye Toyota nyingi temostati huanza kufunguka maji yakifika takriban nyuzi 82. Ikiwa haipo, maji yanazunguka kwenye rejeta tangu sekunde ya kwanza, na ukiingia barabara kuu upepo unayapooza zaidi. Kompyuta ya gari inasoma kwamba injini bado ya baridi. Inaongeza mafuta, na wakati huohuo inakataa kuingiza gia ya nne au kufunga toki konveta, ambayo nitaieleza kwenye sababu ya tatu. Unaadhibiwa mara mbili.

Kujua ni rahisi. Asubuhi gari likiwa baridi, washa injini, weka mkono kwenye hozi ya juu ya rejeta. Temostati ikiwepo na ikiwa nzima, hozi itabaki baridi kwa dakika kadhaa, kisha ipate moto kwa ghafla. Ikiwa haipo, au imekwama wazi, hozi inaanza kuwa vuguvugu mapema na joto linapanda polepole. Magari madogo mengi hayana mshale wa joto, yana taa ya buluu ya maji ya baridi. Ikichelewa sana kuzimika, au ikirudi kuwaka ukiwa safarini, shuku temostati. Nunua ya digrii zilezile za gari lako, na mwambie fundi atafute kilichosababisha kuchemka mwanzo: feni, rejeta iliyoziba, au mfuniko wa rejeta uliochoka. Usifungue mfuniko huo injini ikiwa ya moto, maji yale yanaunguza uso.

Sababu ya tatu ni swichi ya breki. Kati ya injini na giaboksi kuna toki konveta, chombo kinachopitisha nguvu kwa kusukuma oili. Oili huteleza kidogo, na kule kuteleza ni mafuta yanayopotea. Ndiyo maana ukishatulia kwenye mwendo, ndani yake kuna klachi inayofunga ili injini na giaboksi zizunguke pamoja. Ukigusa breki, inaachia. Sasa swichi ya pedali ya breki ikikwama, taa za breki zinawaka muda wote, kompyuta inaamini umekanyaga breki, na klachi ile haifungi kamwe. Dereva anayepumzisha mguu wa kushoto juu ya breki anasababisha jambo lilelile, tena anakula na pedi.

Mwambie mtu asimame nyuma ya gari usiku, uwashe injini bila kugusa breki. Taa za breki zikiwaka, umepata. Swichi ni spea ndogo, wakati mwingine ni ile plastiki inayoigusa imevunjika tu. Ukitaka kujua kama klachi ya toki konveta inafunga, tembea 80 kwenye tambarare gari likiwa limepata moto, kisha ongeza mguu kidogo sana. Mshale wa RPM na mwendo vikipanda pamoja, imefunga. Mshale ukipanda peke yake kwanza na mwendo ukafuata baadaye, haijafunga.

Ukishavuka hayo matatu na tatizo lipo palepale, peleka gari likapimwe kwa kompyuta. Huenda ni solenoidi (vali ya umeme ndani ya giaboksi), sensa ya mwendo, au sensa ya joto la maji. Usikubali spea ibadilishwe kwa kubahatisha.

Dalili: gia inachelewa kupanda, RPM inafika 4,000 ndipo ibadilike

Kwanza tazama mguu. Barabara zetu kuu zina vijiji, na kila kijiji kina kibao cha 50 na mara nyingi tochi ya askari ya kupima mwendo. Ukitoka kwenye 50, kila mtu anazama kwenye mafuta ili afidie. Giaboksi inashuka hadi gia ya pili, injini inapiga kelele, na kwa safari ya Dar hadi Dodoma unarudia hivyo mara nyingi kuliko unavyoweza kuhesabu. Mafuta mengi ya safari yanaishia hapo.

Fanya hivi. Ukivuka kibao cha mwisho wa 50, kanyaga kwa upole lakini usivute muda, mshale ucheze kati ya 2,000 na 2,500. Ukifika kama 60, legeza mguu kidogo, kama unene wa soli ya ndala. Utasikia injini inapumua: gia imepanda. Rudisha mguu taratibu uendelee. Gari lisilo na mshale wa RPM, kama Passo au Vitz za bei ya chini, tumia sikio, ule mlio ukishuka ndiyo gia yenyewe. Kwenye Toyota nyingi kuna taa ndogo ya kijani iliyoandikwa ECO, nayo itawaka mguu ukiwa pazuri na liva ikiwa D. Ukitaka kuovateki usibembeleze, kanyaga, pita, urudi upande wako. Hapo usalama ni mbele ya mafuta.

Kama mguu ni mwepesi na gia bado inachelewa, kagua oili ya giaboksi. Magari ya zamani zaidi yana kebo inayotoka kwenye throtili (mlango wa hewa wa injini) hadi kwenye giaboksi. Ikikazwa kupita kiasi, hasa baada ya injini kushushwa na kurudishwa, gia huchelewa. Kwa magari mapya kazi hiyo inafanywa na sensa ya throtili, na kompyuta itaisema.

Dalili: injini inalia lakini gari haliendi, au gia inagonga ikiingia

Hapa ndipo giaboksi yenyewe inapoanza kushukiwa, na hapa pia huanzia kwenye oili.

Kwa Toyota yenye kijiti cha kupimia: endesha gari hadi lipate moto, liegeshe pahali tambarare, hendibreki juu, mguu kwenye breki. Injini ikiwa inaunguruma, pitisha liva kila gia polepole kisha urudi P. Chomoa kijiti, futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, rudisha, chomoa tena. Oili iwe kwenye eneo la HOT. Honda ni tofauti: unazima injini kwanza, kisha unapima ndani ya dakika moja au moja na nusu. Magari mengi mapya hayana kijiti kabisa. Hayo muachie fundi mwenye kipimo cha joto, kwa sababu oili yake hupimwa kwa tundu la chini ikiwa kwenye joto maalumu.

Chukua tone upake kwenye tishu nyeupe. Oili nzuri ina wekundu na haina harufu ya kuungua. Ikiwa kahawia, imechoka. Ikiwa nyeusi na inanuka kama klachi iliyoungua, au ina chembe za chuma, acha kuendesha gari hilo, peleka kwa fundi wa giaboksi. Ikiwa ya maziwa, kama chai ya rangi ya waridi, maji ya rejeta yameingia. Zima na usiwashe tena.

Oili ikiwa pungufu, kuna inapovujia, kwa hiyo kuongeza tu hakutoshi. Ikiwa imezidi ni hatari pia, inatoa povu na giaboksi inateleza vilevile. Aina ya oili ndiyo inayoua giaboksi nyingi hapa kwetu. Neno "hidroliki" dukani linafunika kila kitu chekundu kwenye kopo. Soma kijiti chenyewe: kwenye Toyota nyingi za umri huu kimeandikwa T-IV. Zilizofuata zinatumia WS, na hizo mbili si za kuchanganya. Kama kijiti hakisemi, kitabu cha gari kitasema.

Ukibadilisha, mwaga kwa tundu la chini, pima kilichotoka, rudisha kiasi kilekile. Sehemu kubwa ya oili hubaki ndani ya toki konveta, kwa hiyo ni bora kurudia baada ya kilomita mia kadhaa kuliko kuifua yote kwa mashine kwenye giaboksi ambayo haijawahi kuguswa. Nimeona giaboksi iliyochakaa ikiingia mashineni ikitembea na kutoka haitembei.

Dalili: mafuta yanaisha mjini tu, barabara kuu gari liko sawa

Giaboksi haina kosa, ni foleni. Injini ndogo ikiunguruma imesimama inachoma zaidi ya nusu lita kwa saa, na AC inaongeza. Askari akishika magari na unajua utakaa dakika nyingi, weka P, hendibreki, uzime. Kwa kusimama kifupi baki D na mguu kwenye breki. Kuhamahama kati ya D na N kila baada ya hatua tano kunachosha klachi za ndani bila faida ya maana. Acha nafasi mbele yako utambae polepole kuliko kuruka na kubana breki.

Kisha gusa magurudumu baada ya safari, bila kugusa diski yenyewe. Moja likiwa la moto kuliko mengine, breki yake inabana. Filta ya hewa na plagi unazijua.

Dalili: nashuka mlima nikiwa N ili nibane mafuta, sioni tofauti

Hutaiona, na nakuomba uache leo. Kwenye injini ya EFI, yaani inayopuliziwa mafuta kwa nozeli zinazoongozwa na kompyuta, ukiachia mafuta huku gari likiwa D na likiwa na mwendo, kompyuta inafunga nozeli hizo kabisa. Magurudumu ndiyo yanaizungusha injini, na hakuna tone linaloingia. Ukiweka N, injini inabidi ichome mafuta ili isizime. Kwa hiyo N inakula zaidi ya D.

Na hapo sijasema habari ya breki. Kitonga, Sekenke, Mlima Nyoka: kwenye miteremko hiyo gari lililo N linashikwa na pedi peke yake, na pedi zikipata moto sana pedali inazama bila gari kupungua. Kule Kenya, kipande cha Salgaa kilipata sifa mbaya kwa malori yaliyoshuka yakiwa huru. Kuzima injini mteremkoni ni kubaya zaidi, kwa sababu usukani unakuwa mgumu na breki inakosa msaada wa buta, chombo kinachouongezea mguu wako nguvu. Shuka ukiwa D na ovadraivu imezimwa, na mteremko ukiwa mkali weka 2. Injini itapiga kelele, lakini nozeli zimefungwa, kelele hiyo haikugharimu mafuta.

Dalili kwenye CVT: gari linavuma, linatetemeka likiondoka, au RPM inapanda bila mpango

CVT haina gia za kupanda. Ina mkanda wa chuma na puli mbili, kwa hiyo mshale kutulia sehemu moja huku mwendo ukiongezeka ni kawaida yake. Dawa ya mguu ni ileile: kanyaga kwa upole, ukifika mwendo unaoutaka legeza kidogo, mshale utashuka wenyewe.

Sababu kubwa ya ubovu ni oili ya oto ya kawaida kutiwa ndani ya CVT. Mkanda unateleza na puli zinachubuka. X-Trail za T31 zinataka NS-2, Toyota za mwanzo za CVT zinataka TC na zilizofuata FE, Fit za mwanzo zinataka HMMF. Hizo Fit hutetemeka wakati wa kuondoka, na mara nyingi kubadilisha oili sahihi kunazituliza. Ukisikia mlio wa kusaga unaoongezeka na mwendo, simama. Mkanda wa CVT hautengenezwi barabarani.

Dalili: gari limeganda gia moja, taa inamweka

Kompyuta imeona kosa na imeifunga giaboksi kwenye gia moja, mara nyingi ya tatu, ili uweze kufika. Gari linaondoka kwa uzito, mafuta yanakwenda, na taa ya O/D OFF au ya cheki injini inamweka. Zima injini dakika chache uwashe tena. Likirudi kawaida bado likapimwe, kosa limehifadhiwa kwenye kumbukumbu. Kama betri imetoka kuchomolewa, au soketi ya giaboksi imelowa maji ya mafuriko, mwambie fundi, utamwokolea saa nzima.

Likikataa kuingia R au D kabisa, likinuka, au oili inadondoka chini, usijaribu kujikongoja hadi nyumbani. Na usikubali livutwe kwa kamba. Pampu ya oili ya giaboksi inazungushwa na injini, injini ikiwa imezima magurudumu yanazungusha vyuma vikavu ndani. Ita gari la kubeba. Likikosekana, magurudumu yanayovuta gari yanyanyuliwe juu, ambayo kwa Toyota hizi ndogo ni ya mbele, au yote manne kama gari ni 4WD.